Singa za simba kwa nyuzi za mkonge

Swali: Mimi ni mwalimu wa darasa la 5 katika shule ya msingi wilayani Korogwe. Wanafunzi wangu wataigiza hadithi ya Simba na Sungura siku ya mahafali, na nimetengewa shilingi 15,000 kwa ajili ya maleba ya simba. Mwaka jana nilikata taji ya kadibodi nikaibandika pamba pembeni, lakini ilimshukia mtoto machoni katikati ya igizo, akashindwa kuendelea. Mzee mmoja kijijini amejitolea kuniazima ngozi ya mnyama aliyoirithi. Je, niichukue, au kuna namna ya kutengeneza kichwa cha simba kitakachotulia kwa vifaa vya bei nafuu?

Jibu: Mwalimu, pole kwa yaliyomkuta mwanafunzi wako, na mfikishie pole hizo na yeye mwenyewe, kwa sababu mtoto akiaibishwa na vazi lake mbele ya wazazi huweza kuliogopa jukwaa kwa muda mrefu. Naomba nianze na lile la ngozi ili tuliweke pembeni. Mshukuru mzee kwa moyo wake, lakini usiichukue. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu ngozi, manyoya, kucha na meno ya wanyamapori kuwa nyara za Serikali, na kuwa nazo bila kibali ni kosa, hata kama kitu chenyewe kilikuwa cha babu. Zaidi ya hayo, ngozi kuukuu huwa nzito, hunuka jasho na vumbi la miaka, na manyoya yake hupukutika. Huna sababu ya kujiingiza huko wakati unaishi katikati ya mashamba yanayotoa malighafi iliyo bora zaidi kwa kazi hii, nami nitaifikia baada ya kueleza kile kilichoiangusha taji ya mwaka jana.

Wengi wakiona vazi la kichwani limeanguka hulaumu gundi, wakaenda kununua gundi kali zaidi. Kwa uzoefu wangu wa kutengeneza maleba, mara nyingi gundi haina kosa. Taji yako ilikuwa duara lililonyooka, yaani ukanda wenye kimo kimoja pande zote, uliokaa juu ya kichwa kama kata juu ya mtungi. Kichwa cha binadamu kinapungua upana kuelekea utosini, kwa hiyo ukanda wa namna hiyo hushikwa na mstari mwembamba tu wa paji la uso, na mtoto anapoinama au kuruka hauna mahali pa kujizuia. Niliwahi kuwavika watoto wa shule moja vilemba vya kadibodi vilivyopendeza sana mezani, na manyunyu yalipoanza kule uwanjani vikalegea. Kijana mmoja aliimba wimbo mzima akiwa ameshika kichwa kwa mkono wa kulia, mkono uleule aliopaswa kuutumia kuonyesha ishara za wimbo. Tangu siku hiyo nusu ya muda wangu wa kazi nautoa kwa kile ambacho mtazamaji hatakiona kamwe, yaani kikalio cha ndani, na singa (yale manyoya marefu yanayozunguka kichwa cha simba dume), masikio na rangi hugawana nusu iliyobaki.

Anza na kipimo, na umpime mtoto mwenyewe atakayeigiza, nywele zake zikiwa kama zitakavyokuwa siku ya mahafali. Chukua futi ya fundi cherehani, uipitishe upana wa vidole viwili juu ya nyusi, juu kidogo ya masikio, kisha uishushe nyuma mpaka ipite chini ya kisogo, pale mfupa unapoanza kuingia ndani kuelekea shingoni. Hapo ndipo siri ilipo. Ukanda unaoshuka chini ya kisogo hauwezi kuteleza kwenda mbele, kwa sababu mfupa wenyewe unauzuia. Watoto wa umri huo wengi huwa na mzunguko wa kati ya sentimita 52 na 55, lakini usikadirie. Tofauti ya sentimita mbili ndiyo inayotenganisha kofia inayotulia na kofia inayozunguka. Pima pia kutoka paji la uso kupitia utosini hadi chini ya kisogo, na kutoka juu ya sikio moja hadi juu ya jingine, uandike namba zote tatu kwenye karatasi.

Kadibodi nzuri ni ile ya katoni za sabuni au mafuta ya kula, ambazo wenye maduka huzitupa au huziuza kwa bei ndogo. Ukiikata pembeni utaona katikati ya karatasi mbili kuna mawimbi yanayotengeneza mifereji midogo. Kata ukanda wako wenye upana wa sentimita 5 kwa namna ambayo mifereji hiyo itasimama wima mtoto anapouvaa, yaani ikatize urefu wa ukanda badala ya kuufuata. Ukiikata hivyo, ukanda utajipinda kwa ulaini kuzunguka kichwa. Ukiikata kinyume, utavunjika kwa pembe, na kila pembe itamchoma mtoto. Uukunje kwanza kwa kuuvuta taratibu juu ya ukingo wa meza mpaka uzoee kupinda. Uongeze sentimita 4 za kupandishia na sentimita 1 kwa ajili ya kitambaa cha ndani, kisha uufunge kwa uzi na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, badala ya kuutegemeza kwenye gundi peke yake. Halafu kata vipande viwili vya upana wa sentimita 3, kimoja kitoke mbele kwenda nyuma na kingine kitoke sikio hadi sikio, vikutane utosini na kushonwa hapo. Sasa una kitu kinachofanana na tenga dogo lililopinduliwa. Mvalishe mtoto, umwambie atikise kichwa. Kama kimecheza, rekebisha sasa hivi, kwa sababu baadaye hakutakuwa na njia.

Hatua inayofuata ni kulivika tenga hilo karatasi. Chemsha gundi ya uji: kikombe kimoja cha unga wa ngano au wa muhogo, ukikoroge kwanza na maji baridi kidogo ili pasiwe na madonge, kisha ukimimine katika vikombe vitatu vya maji yanayochemka huku ukikoroga, mpaka kiwe kizito kama uji wa mgonjwa na kianze kung'aa. Unga wa muhogo hunata zaidi. Ongeza kijiko cha chumvi ili gundi isiote ukungu haraka, na ukipenda chemsha majani ya mwarobaini katika maji hayo kabla ya kutia unga, kwa kuwa wadudu na panya huipenda sana gundi ya namna hii. Chana magazeti vipande virefu vya upana wa vidole viwili. Nasema chana, usikate kwa mkasi, maana ukingo uliochanika huwa mwembamba na hujificha chini ya kipande kinachofuata. Chovya, kamua kwa vidole viwili, tandaza. Tabaka la kwanza lielekee upande mmoja, la pili lilikatize. Matabaka mawili au matatu yanatosha kabisa, na kila moja likauke kabla ya jingine kuwekwa. Kausha kivulini penye upepo, juu ya sufuria au mpira uliofunikwa mfuko wa plastiki, kwa sababu jua kali hukausha upande mmoja upesi kuliko mwingine na kofia hupinda.

Ikishakauka, ivike kitambaa ndani. Fulana kuukuu ya pamba inafaa kuliko kitenge, maana inanyonya jasho, na mahafali yenu bila shaka yatafanyika uwanjani saa za jua. Shona kitambaa hicho kwa mishono mirefu ili uweze kukifumua na kukifua, hasa kama kofia itavaliwa na mtoto mwingine mwaka ujao. Kisha funga lastiki ya kidevuni, yenye upana wa sentimita 1. Wengi huifunga mahali pamoja kila upande, mbele ya sikio, na matokeo yake ni kwamba inavuta kofia kwenda mbele kila mtoto anapofungua mdomo kuzungumza. Wewe ifunge sehemu mbili kila upande, moja mbele ya sikio na nyingine nyuma yake, zikutane chini ya sikio kwa umbo la herufi V, ndipo zishuke kidevuni. Sikio libaki wazi, kwa kuwa mwigizaji asiyesikia ngoma vizuri huchelewa kuingia.

Sasa tuje kwenye mkonge wenyewe, ambao ndio unaonifurahisha zaidi katika swali lako. Mkonge si mmea wa asili wa nchi yetu. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf, na miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai, lakini leo ukisimama Korogwe unauona pande zote. Nyuzi zake zinaitwa singa, na neno hilohilo ndilo tunalolitumia kwa nywele ndefu zilizonyooka. Ukienda kwenye korona ya shamba lililo karibu, yaani kiwanda cha kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge, ukaomba kununua kidogo, au ukimpata fundi anayesokota kamba, utapata zinazotosha kwa fedha kidogo. Unahitaji gramu 250 hadi 300. Wasiokuwa karibu na mashamba wanaweza kufumua kamba ya katani, na kazi ikawa ileile. Wapo wanaotumia rasta za nailoni za saluni, nami sizikatai, ila hung'aa mno juani na huonekana kama wigi. Singa za mkonge zina ukavu fulani na rangi ya majani makavu ambayo tayari ni nusu ya simba.

Zichane nje ya nyumba, mtoto asiwe karibu, nawe ujifunge kitambaa puani, maana vumbi lake linawasha koo. Tumia kitana cha meno mapana, au misumari iliyopigiliwa kwenye ubao kwa safu. Kisha zioshe kwa sabuni, zisuuze, uzigawe mafungu matatu.

Fungu la kwanza libaki na rangi yake, au lichovywe katika maji ya bizari ya manjano yaliyochemshwa ili liwe la dhahabu. Rangi ya bizari hiyo hupauka juani, lakini kwa onyesho la siku moja haina neno. Fungu la pili lilowekwe katika chai nyeusi iliyochemshwa kwa dakika 20, nusu kikombe cha majani kwa lita 2 za maji, likae saa moja au mbili mpaka liwe kahawia hafifu. Fungu la tatu likae katika chai hiyohiyo usiku kucha, pamoja na misumari michache yenye kutu. Ule ukakasi unaosikika ulimini unapokunywa chai ya rangi hukutana na chuma na kuzaa rangi ya kijivu inayokaribia weusi, rangi ya kina ambayo huipati kwa kupaka juu juu. Suuza vizuri baadaye, kwa sababu chuma kikibaki hula nyuzi polepole.

Mafungu haya matatu yanafuata umbile la simba mwenyewe. Dume huanza kuota singa akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi, na kadiri anavyokua zinarefuka na mara nyingi zinakuwa nyeusi. Zile zinazozunguka uso hubaki za rangi ya mwanga, na giza huzidi kuelekea nyuma na kifuani. Watafiti Peyton West na Craig Packer walifanya majaribio Serengeti kwa sanamu za simba zenye singa za rangi na urefu tofauti, wakachapisha matokeo yao mwaka 2002: majike yalivutiwa na singa nyeusi, na madume yaliepuka sanamu zenye singa ndefu na nyeusi. Kwa hiyo kama simba wa igizo lako ni mfalme anayeogopwa na baraza zima, mpe weusi mwingi kwa nyuma. Kama ni simba kijana anayedanganyika upesi na Sungura, punguza weusi na uzifupishe. Na kama kuna watoto wanaoigiza majike, hao wapewe masikio tu, kwa kuwa simba jike kwa kawaida hana singa, na wazazi wa vijijini wanalijua hilo kuliko sisi.

Kuzifunga singa kwenye kofia ndiko kunakochukua muda, pengine mchana mzima, na ni kazi nzuri ya kuwapa wanafunzi wa madarasa ya juu. Kata uzi mnene wenye urefu wa kuzunguka kofia na uufunge kati ya miguu miwili ya kiti ili ukazike. Chukua fungu la singa lenye unene wa penseli, likunje katikati, upitishe kitanzi chake nyuma ya uzi, kisha uvute ncha zote mbili kupitia ndani ya kitanzi na kukaza, kama wasusi wanavyofunga rasta za kuchomeka. Endelea kusogeza mafundo yakaribiane mpaka uzi usionekane. Tengeneza safu nne au tano: za nyuma zikiwa na urefu wa sentimita 30 baada ya kukunjwa, za katikati 20, na za mbele kabisa 12.

Unapozishona kwenye kofia, fanya kama anayeezeka makuti. Mwezekaji huanzia chini, kwenye upenu, akapanda kuelekea juu, ili kila kuti lifunike fundo la lile lililo chini yake. Nawe anza na safu nyeusi ndefu chini ya kisogo, panda na ile ya kahawia, umalizie na ya dhahabu mbele, nyuma kidogo ya paji la uso. Ukianza mbele, kila fundo litaonekana na utalazimika kufumua yote. Nimemwona fundi mzuri akifumua kazi ya siku mbili kwa kosa hilo moja. Safu ya mwisho ya mbele ishonwe singa zikitazama mbele, halafu uzirudishe nyuma kwa mkono na kuzibana kwa mshono mmoja mmoja. Zitasimama kidogo kabla ya kulala, na hapo ndipo uso wa mtoto utaonekana umezungukwa na jua. Hakikisha hakuna singa inayofika chini ya nyusi.

Masikio yasikuchoshe. Kata mviringo miwili kutoka kwenye trei za mayai zilizolowekwa na kukandwa upya, au kadibodi ya matabaka mawili, upana wa sentimita 7, yawe na duara. Simba hana masikio ya ncha kama paka. Yaweke pembeni, pale mishale ya saa inapoonyesha saa nne na saa nane, na upake mgongo wa kila sikio rangi nyeusi, kwa maana simba halisi ana alama hiyo nyuma ya masikio. Waya unaoyashikilia upenyezwe ndani ya kofia, ncha zake zikunjwe kuwa vitanzi na kufunikwa kwa vipande vya kitambaa vilivyopakwa gundi. Pitisha kidole chako juu yake: ukihisi chochote, mtoto atakihisi mara kumi zaidi.

Umeuliza kuhusu kichwa cha simba, hukutaja kwamba taji bado ipo katika mpango, lakini kama ipo, ushauri wangu ni uiache. Singa zikipangwa vizuri ndizo taji ya simba, na pambo la dhahabu juu yake humfanya mtazamaji aangalie karatasi inayong'aa badala ya uso wa mwigizaji. Kama igizo linadai taji kwa sababu Sungura anainyakua, basi ikate kutoka kwenye mabaki ya sponji ya godoro, ambayo mafundi wa makochi hutupa, maana ni nyepesi na ikianguka haimwumizi mtu. Sponji hubandikwa vizuri kwa gundi ya viatu. Fanya kazi hiyo nje, mbali na watoto na moto.

Fedha yako basi ielekee kwenye gundi nyeupe ya mbao, lastiki, rangi nyeusi kidogo, uzi imara na hizo singa. Vingine vyote vinapatikana kwenye mabaki. Gundi nyeupe ichanganywe na maji kwa kiasi sawa, ipakwe juu ya karatasi nje ya kofia mara mbili kabla ya kushona singa. Haitaigeuza kuwa ya plastiki, lakini manyunyu ya dakika chache hayataifikia gundi ya uji iliyo chini.

Mtoto aivae kofia hiyo katika mazoezi kwa wiki nzima kabla ya mahafali, si asubuhi ya siku yenyewe. Aruke mara kumi, ainame kuokota kitu, ageuke ghafla anaposikia jina lake. Ipime kwenye mizani ya dukani. Kwa mtoto wa darasa la 5 mimi sikubali ivuke nusu kilo, na ikivuka napunguza singa za nyuma, ambazo ndizo zinazovuta shingo. Simama hatua 30 kutoka kwake na uangalie kama unaona macho yake. Na jambo moja nakuomba ulisimamie wewe mwenyewe: katani kavu hushika moto kwa kasi ya nyasi za kiangazi, hivyo kama igizo lina mandhari ya usiku, pasiwe na kibatari, mshumaa wala kuni zinazowaka karibu na simba. Tumia tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu.

Baada ya onyesho ianike kivulini, kisha itundike juu ya mpira au kibuyu mahali pakavu, usiikunje ndani ya sanduku. Siku ya mahafali beba mfukoni shazia, uzi wa rangi ya kahawia, pini tatu na kipande cha lastiki cha akiba, na umvalishe simba wako dakika kumi kabla ya zamu yake, lastiki ikiwa imekaza kiasi cha kupitisha kidole kimoja chini ya kidevu.